Fundo la Leso ya Shangazi Hawa

Nyanya alipofariki, baada ya matanga kuanuliwa, wanawake wa ukoo wetu waliketi kugawana vitu vyake. Havikuwa vingi. Kinu na mchi vilikwenda kwa binamu yangu, mikeka ikagawanywa, na kitanda cha kamba hakuna aliyekitaka kwa sababu kilikuwa na kunguni waliozeeka pamoja naye. Mimi nilipewa leso moja. "Hii alisema ni yako tangu zamani," wakaniambia, "na asiifungue mwingine." Ni leso kuukuu, nyekundu iliyopauka ikawa rangi ya tofali, lakini maandishi yake bado yanasomeka: AKIBA HAIOZI. Kwenye pindo lake kuna fundo, dogo na gumu, lililokazwa na mtu aliyekuwa na nia.

Nililinusa kabla sijafikiri. Nikasikia moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, na tope, na uchungu fulani unaokaa nyuma ya ulimi. Labda ni akili yangu tu, maana hakuna leso inayotunza harufu miaka yote hiyo. Nilirudi nayo kwangu, nikaiweka juu ya kabati, na kwa siku kadhaa nikawa naizunguka kama mtu anayemwogopa mbwa wa jirani.

Fundo lile nililifahamu. Nilimwona aliyelifunga.

Ninyi wa rika langu mliokulia kando ya Tana hamhitaji kuelezwa mvua ile. Wengine mliisikia redioni ikiitwa Elinino, sisi tuliijua kwa miguu. Tulilala tukiwa na shamba la mpunga na migomba, tukaamka mto uko mlangoni. Kijiji chetu, upande wa Idsowe, kilizama hadi paa, nasi tukahamia kwenye mwinuko karibu na barabara ya Garsen, chini ya maturubai ya msaada. Tulibanana hapo sote, sisi Wapokomo, Waorma waliopoteza ng'ombe, na Wagiriama waliopoteza mihindi, watu ambao wakati wa kiangazi walikuwa wakigombania njia ya kwendea mtoni. Mbu hawakumuuliza mtu kabila lake.

Niliishi na Nyanya na Shangazi Hawa. Baba na mama walikuwa wamefuata kazi Malindi, na barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo mama yangu wa wakati huo alikuwa Shangazi. Alikuwa kitinda mimba wa Nyanya, dada mdogo wa baba, mwanamke wa kucheka kwa sauti hata msibani. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana, na mumewe alikuwa mlinzi Mombasa, naye amezuiwa na maji hayo hayo.

Shangazi alikuwa mtu wa kuweka. Kipande cha sabuni kilichobaki chembamba kama ukucha alikiweka. Njiti za kiberiti alizifunga kwenye nailoni zisilowe. Ukifungua fundo la leso yake ungekuta pini, chumvi ya mawe, na mara nyingine pipi iliyoshikamana na karatasi yake, na pipi hiyo ilikuwa yangu. Nilipomkaribia nilitazama kwanza fundo, halafu uso.

Kazi yangu pale kambini ilikuwa kukinga maji. Mto ulijaa mizoga ya mifugo na maji yake yalinuka, hivyo mvua ilipoanza tu kugonga turubai Nyanya alipiga kelele, "Kinga! Kinga we mtoto, yapita hayo!" Nami nilikimbia na sufuria, karai na mikebe ya mafuta ya kupikia, nikaipanga pale turubai lilipomwagia. Nilijivunia kazi hiyo. Nilijua kwamba chombo chenye mdomo mpana hukinga zaidi, na chombo chenye tumbo kubwa huchelewa kufurika. Hayo ndiyo yote niliyoyajua kuhusu neno kukinga. Sikujua kwamba wakubwa wana maana yao nyingine.

Jumatano, maji yakiruhusu, boti ya msaada ilimleta Sista. Alikuwa muuguzi kijana kutoka bara, mwenye buti za mpira na Kiswahili cha darasani. Alileta tembe za kukinga malaria, za wanawake wenye mimba. Hazikuwa za wagonjwa, na hilo ndilo lililowashinda watu.

"Nani mgonjwa hapa?" aliuliza Mama Buya, jirani yetu, ambaye mimba yake ilikuwa inatangulia na maneno yake yanafuata. "Mimi jana nimetwanga mahindi ya watu kumi. Naumwa na nini?"

"Huumwi, mama. Ndiyo sababu nakupa. Hii inakinga malaria."

"Malaria yenyewe haijaja, mwaikinga ya nini?"

Wanawake wakacheka. Mama Dhadho, mzee wa Kiorma aliyekuwa na hema karibu na letu, akauliza kwa upole, "Na ya ng'ombe, iko?" Kwa hilo hakuna aliyecheka.

Msione watu wale walikuwa wajinga. Wiki chache kabla ya hapo mtoto mmoja alikuwa amechomwa na homa pale pale, mama yake akaenda zahanati kwa mtumbwi, akaambiwa dawa imekwisha, asubiri. Alisubiri, akazika. Sasa dawa imekuja kwa boti, na wanaopewa ni watu wenye afya. Ikawa msemo kambini: dawa ya wazima ipo, ya wagonjwa imekwisha. Isitoshe, tembe zile zilikuwa chungu ajabu, na zikikuta tumbo tupu zilileta kizunguzungu, na matumbo yetu yalikuwa matupu siku nyingi. Halafu ngozi iliwasha, mwasho wa chini kabisa ambao kucha haziufikii. Wengine walizifukia mchangani. Mama Buya alimlisha kuku wake za kwake, akaapa kwamba tangu siku hiyo kuku hakutaga tena.

Sista naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Alisimama mbele ya kila mwanamke na kikombe cha maji. "Meza nikiona. Fungua mdomo. Inua ulimi." Kwa Shangazi hakuwa na shida hata kidogo. Shangazi alipokea tembe zake kwa mikono miwili, akanywa maji, akafungua mdomo, wala uso wake haukukunjamana. "Mwigeni Hawa," Sista alisema kila alipokuja. "Hawa anampenda mtoto wake. Mwigeni Hawa."

Nami nilikuwa nimesimama pale na karai langu, nimeelewa kila kitu. Tembe inakinga malaria. Basi mwenye kuimeza anageuka kuwa chombo, na homa inayoelea hewani pamoja na mbu inamdondokea yeye, anaijaza ndani yake ili isitumwagikie sisi wengine. Na ndiyo maana wamechaguliwa wenye mimba. Si wana matumbo makubwa? Watachelewa kufurika. Niliona ni mpango wa akili sana na wa kikatili, na nilishangaa jinsi wakubwa walivyoweza kulisema jambo hilo mchana kweupe bila haya. Usinicheke. Jaribu kuwa mtoto ambaye neno analijua kwa sufuria tu.

Ndiyo sababu, siku niliyomwona Shangazi akitema, nilifurahi.

Nilikuwa nyuma ya hema nasugua mikebe kwa mchanga. Boti ilikuwa inaondoka. Shangazi alikuja akainama, akaingiza kidole kati ya shavu na ufizi, akatoa tembe, moja baada ya nyingine, akazipangusa na kuzianika juu ya jiwe juani. Zilipokauka akazifunga kwenye pindo la leso. Ndipo akaniona. Hakushtuka. Alicheka, akaweka kidole mdomoni.

"Si Sista amesema umeze?" nilimuuliza.

"Nimeze mimi mzima, kesho akiumwa mtu hapa nimpe nini? Maneno?" Akaligonga fundo kwa kidole. "Akiba haiozi, mwanangu."

Nikamkumbatia kiunoni. Moyoni nilijisemea: wamemkosa. Shangazi yangu si karai la mtu. Sikumwambia yeyote, kwa sababu niliamini ameokoka.

Aliyeumwa kesho hiyo nilikuwa mimi.

Nakumbuka kidogo kidogo. Turubai lilipanda na kushuka kama linapumua. Meno yangu yaligongana nikashindwa kuyazuia. Nyanya alikuwa akinikanda kwa kitambaa chenye maji, na maji yalikuwa yaleyale niliyoyakinga mwenyewe, yakinuka mkebe. Boti haikuja, maji yalikuwa yamepanda tena na mkondo umekuwa mkali. Nilimsikia Nyanya akisema, "Huyu anatutoka, Hawa," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema chumvi imekwisha.

Halafu nikaliona fundo likifunguliwa. Vidole vya Shangazi vilikuwa na haraka na fundo lilikuwa gumu, akalitia meno. Alizivunja tembe kwenye kijiko, akachanganya na maji, akaniinua kichwa.

Nilikataa. Nilibana midomo kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, maana nilijua ni nini. "Sitaki kukinga!" nililia. "Sitaki!"

"Anasema nini?" Nyanya aliuliza.

"Homa inamsemesha," akajibu Shangazi. Akanibana pua, nikafungua mdomo. Uchungu ule sijawahi kuusahau. Akanipa tena kesho yake, na kesho kutwa. Nikawashwa mwili mzima, nikajikuna hadi nikatoka damu, na Shangazi akawa ananipaka mafuta ya nazi akiniimbia nyimbo za mzaha kuhusu nyani wenye upele. Siku niliyoomba uji, Nyanya alitoka nje ya hema, akasimama huko peke yake kwa muda.

Nilipona. Nawaandikia, kwa hiyo mmekwisha kujua.

Shangazi alianza kutetemeka saa za asubuhi, jua likiwa kali, amekaa juani pamoja na wanawake wengine wakichambua maharage ya msaada. Alicheka, akasema ati amekuwa mzungu, ana baridi Garsen. Jioni hakucheka tena. Boti ilikuwa haijarudi. Homa iliyonichukua mimi siku kadhaa kunilaza, yeye ilimbwaga kama mti. Macho yake yaliponitazama, upande wa ndani wa kope ulikuwa mweupe kama karatasi. Alijikunja kuzunguka tumbo lake, na ngumi yake moja ilikuwa imefumba pindo la leso.

Nyanya alikuwa akijaribu kuifumbua ngumi ile, kidole kimoja kimoja. "Lete, Hawa. Lete mwanangu. Hiyo iliyobaki umeze."

"Iache, mama," alisema Shangazi. "Hiyo ya mtoto. Akirudiwa na homa."

Nyanya akazidi kuvuta. Shangazi akazidi kufumba. Sijawahi kuona watu wawili wanaopendana wakishindana hivyo, na aliyekuwa mgonjwa ndiye aliyeshinda. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na miguu yake. Nilielewa kwamba fundo ni la mtoto aliye tumboni, nikaona ni haki yake, maana mtoto yule hakuwa na kitu kingine.

Kulipokucha walimpakia kwenye mtumbwi kumpeleka hospitali. Nyanya alikwenda naye. Niliachwa na Mama Dhadho, aliyenipa maziwa kidogo kutoka kwa mbuzi wake aliyesalia, akaniambia, "Kunywa. Shangazi rudi." Nilikaa kwenye mwinuko siku nzima nikitazama maji. Alasiri mtumbwi ukatokea. Niliona kwanza kwamba Nyanya amejifunga leso mbili, ya kwake, na juu yake ile nyekundu ya Shangazi. Nikaruka kwa furaha. Nilifikiri hospitali wamempa Shangazi nguo mpya, na ya zamani ameirudisha nyumbani. Nilikuwa nakimbia kuwaambia watu habari hiyo wakati Mama Dhadho alipopiga yowe nyuma yangu.

Sista alikuja baada ya maji kupungua. Alipoambiwa alikaa chini kwenye tope na sare yake. "Haiwezekani," alisema. "Hawa alikuwa anameza. Nilimwona kwa macho yangu. Yeye ndiye aliyekuwa anameza kuliko wote!" Akamtazama Nyanya. Kila mtu akamtazama Nyanya. Mama Buya akasema kile walichokuwa wanakifikiri, na safari hii hakuwa akitania: "Kama Hawa amezimeza zote na amekufa, sisi tumezee nini?"

Nyanya alikuwa ananisuka nywele. Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu. Halafu vikaendelea kusuka.

Tangu siku hiyo hakuna mwanamke pale aliyepokea tembe za Sista. Hawakuficha wala kufukia, walikataa mchana kweupe. Mama Buya alishikwa na homa, na mtoto wake akazaliwa kabla ya wakati, hakuishi. Wapo wengine, ambao majina yao sitayaandika kwa kuwa wana ndugu. Neno moja la Nyanya lingetosha: hakumeza, alizitema, aliweka. Hakulisema. Kwa miaka mingi nilimkasirikia kwa ukimya ule. Nilidhani anaficha aibu ya binti yake. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba neno hilo lisingeishia hapo. Wangeuliza, aliziweka ampe nani? Na kambi nzima ingegeuza macho, ingenitazama mimi.

Aliniambia mara moja tu, siku tulipokuwa tunarudi kijijini na mikeka kichwani. Tulipita mahali walipomzika. Nyanya akasimama, akasema, "Shangazi yako alikukinga." Kisha akaendelea kutembea.

Hakujua alichokisema. Au alijua chake, mimi nikasikia changu. Kwangu ilikuwa hukumu. Homa yangu haikuwa imepona, ilikuwa imehama. Shangazi aliuweka mdomo wazi chini yangu, ikamdondokea tone kwa tone, naye akafurika. Sikukinga tena maji. Mvua ilipogonga bati nilijifungia ndani, hata nilipokuwa msichana mkubwa wa kuposwa, na watu wakasema nina wazimu wa mvua. Hadi leo nikisikia tone likigonga sufuria tupu, hunijia picha ya mtu akijaa.

Shuleni nilifundishwa mambo ya mbu, na ya damu, na ya kwa nini mama mjamzito hupewa dawa akiwa mzima. Nilielewa. Nilipobeba mimba yangu ya kwanza, muuguzi aliponipa tembe, nilimeza na kufungua mdomo na kuinua ulimi kabla hajaniambia. Alicheka, akasema natamani wote wangekuwa kama wewe. Nikamwomba asiseme hivyo. Alidhani nina unyenyekevu.

Basi juzi niliiteremsha leso. Nilikaa nayo mlangoni penye mwanga. Kucha zangu zilishindwa, kwa hiyo nililitia meno lile fundo, kama alivyofanya yeye, na nyuzi chache zilizooza zikakatika. Ndani kulikuwa na tembe moja. Imegeuka manjano, imemeguka ukingoni, lakini ni tembe nzima.

Tembe moja isingemponya mtu mzima. Hilo nalijua, na nimejiambia mara nyingi tangu juzi. Ila maneno yake yamenirudia kama alivyoyasema, yakiwa wazi, kama kwamba muda wote huu yalikuwa yamefungwa humo pamoja nayo. Hiyo ya mtoto. Akirudiwa na homa. Akirudiwa. Mtoto aliye tumboni alikuwa hajaonja homa bado, angerudiwa vipi? Ndani ya hema lile mtoto aliyekwisha kuumwa na kupona alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa miguuni pake, amemaliza uji.

Niliigusa kwa ncha ya ulimi. Leso inasema kweli. Bado ni chungu.